Barua Niliyoisoma Vibaya

Wiki mbili zilizopita nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma mwanangu wa mwisho, nikisubiri fomu yake ya uhamisho ipigwe muhuri. Mwalimu alifungua kibati cha wino wa zambarau, akagandamiza muhuri, na harufu yake ikanifikia nilipokaa. Ina ukali fulani kama spiriti, na chini yake kuna utamu wa karatasi mpya. Nilipopewa fomu niliiinua nikainusa, mwalimu akanitazama kama anataka kuniuliza kama naumwa. Sikumweleza. Ningemaliza mchana mzima.

Kwa sababu mimi nilikuwa msomaji wa barua nyumbani kwetu kuanzia darasa la tatu, na barua zote za shule zilikuwa na harufu hiyo.

Baba yangu alihamia wilaya ya Biharamulo kutoka Shinyanga akiwa na mama, ng'ombe wake na dada yangu Kabula mgongoni mwa mama. Mimi nilizaliwa hukuhuku. Nyumbani tuliongea Kisukuma. Majirani zetu walikuwa Wasubi na Wazinza, kila nyumba na lugha yake, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mnada, zahanati na shule. Baba alikijua cha mnadani. Angeweza kubishana na mtu juu ya umri wa ndama mpaka mtu huyo akaanza kutilia shaka macho yake mwenyewe. Lakini Kiswahili cha barua kilikuwa kitu kingine. "Hiki ni Kiswahili kilichovaa tai," alikuwa akisema, na kunipa karatasi.

Mwalimu mkuu wetu aliamini barua. Maelekezo yalikuja kutoka wilayani, yeye akayaandika upya kwa ajili ya wazazi, akayapiga muhuri na kutugawia Ijumaa tukiwa mstarini. Kulikuwa na barua ya utoro. Ikaja barua ya masomo ya ziada kwa wanaosoma kwa shida, ikaja ya uji, na nyingine iliyosema mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hana sweta. Wenzangu walizikunja wakatengeneza vishada. Mimi niliibeba yangu katikati ya daftari la hisabati ili isipate hata mkunjo.

Jioni, ng'ombe wakiwa bado njiani, Baba alikaa kwenye kigoda chake karibu na zizi. Mama aliacha kupepeta. Nilisimama wima kama nilivyofundishwa, nikasoma sentensi moja kwa Kiswahili, kisha nikaisema kwa Kisukuma.

"Endelea," Baba alisema kila nilipotulia. "Hiyo balua inaendelea kusema nini?"

Nilipomaliza alisema, "Wabeja," yaani ahsante, na alilisema kama anavyomwambia mtu mzima mwenzake. Nilikuwa na miaka tisa. Hakuna kitu duniani ambacho ningekibadilisha na "wabeja" ile.

Ndiyo maana nilipokutana na neno nisilolijua, sikusema silijui. Nililipa maana.

Siku moja barua iliwaita wazazi wote kwenye kikao cha kujadili usawa shuleni. Usawa niliujua. Mwalimu wa kazi za mikono alituambia tuangalie usawa wa meza kwa kuweka juu yake sahani ya maji. Na kweli eneo la shule yetu lilikuwa na mteremko mbaya upande wa tangi la maji, wasichana waliteleza pale kila mvua iliponyesha. Kwa hiyo nilimwambia Baba kwamba wazazi wanatakiwa kwenda kusawazisha uwanja. Baba akaenda kikaoni na jembe begani. Wenzake walikuwa wamevaa makoti. Alirudi nyumbani amelowa jasho, amefurahi, akasema watu wengine walibaki ndani wakizungumza habari za wavulana nao kufagia na kuchota maji kama wasichana, lakini yeye alimaliza kazi ya watu wote, na mwalimu mkuu alitoka akamshika mkono kwa mikono miwili. Mteremko ule haukumwangusha tena mtoto yeyote. Kosa langu la kwanza likageuka sifa, nami nikazidi kujiamini.

Sasa nieleze habari za Kabula.

Kabula alinitangulia kwa miaka miwili na nusu. Alipokuwa bado ananyonya alishikwa na homa kali, na homa ilipoondoka iliondoka na masikio yake. Kijijini walimwita bubu. Sisi hatukumwita hivyo, ingawa nakiri hatukuwa na jibu la nini cha kumfanyia. Alichunga ndama, alitwanga, alibeba ndoo kubwa kuliko ya Mama. Kati yake na mimi kulikuwa na maneno ya mikono tuliyoyatunga wenyewe, labda hamsini au sitini: ng'ombe, mvua, Mama kakasirika, nyoka, twende, bado. Mimi aliniita kwa kugusa kidevu, kwa sababu nina kovu hapo.

Kila asubuhi alinisindikiza mpaka barabara ya changarawe. Hapo alichukua daftari langu, akafungua ukurasa wa jana, akachuchumaa na kunakili mchangani kwa kijiti. Hakujua alichoandika. Lakini herufi zake zilisimama vizuri kuliko zangu, na aliponirudishia daftari alijigusa kifua, akaelekeza mkono njia ya shuleni, akainua nyusi. Mimi je? Nilimjibu kwa ishara ya bado. Nilidhani ni jibu zuri.

Kisha ikaja ile barua. Nilikuwa darasa la nne. Baba alikaa kigodani, Mama akaacha ungo, na Kabula alikuwa palepale kwenye mkeka akipukuchua mahindi. Nikasoma kwamba wazazi wenye watoto wenye mahitaji maalumu wawalete shuleni Jumatano ijayo ili wapimwe na kuandikishwa.

Mahitaji! Hapo sikusita hata kidogo. Biharamulo mjini kulikuwa na duka lenye maandishi makubwa ukutani, "Mahitaji Yote ya Nyumbani", na ndani yake kulikuwa na mafuta, sabuni, viberiti na ndala. Mama akienda mnadani alisema anafuata mahitaji. Darasani nilikaa na Domina, mtoto wa mwenye duka, aliyekuwa na viatu vya kamba, begi lenye zipu mbili na chupa ya maji yenye picha ya sungura. Kwa akili yangu, kama kuna mtoto mwenye mahitaji maalumu, basi ni Domina.

"Inasema watoto wenye vitu vizuri vya pekee wapelekwe Jumatano," nilimwambia Baba kwa Kisukuma. "Watavipima na kuviandika."

Baba alifikiri. "Kwa nini wavipime?"

"Labda wasiibiwe," nilisema.

"Sisi tuna mtoto mwenye vitu vya pekee?"

Mama akacheka, akanyoosha kidole kwenye gauni langu la shule lenye kiraka mgongoni. Baba naye akacheka, nikacheka. Kabula alitutazama, akaona sote tunacheka, naye akacheka, punje za mahindi zikimdondoka mkononi.

"Basi haituhusu," Baba alisema. "Wabeja, mwanangu." Akaikunja barua, akaichomeka kwenye nyasi za paa alikoweka karatasi zote.

Jumatano ile ikapita.

Mwaka uliofuata darasani kwetu aliletwa msichana mpya, Serafina, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali. Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Adventina, Mhangaza kutoka Mbuba kule Ngara, mwanamke mrefu ambaye hakuwahi kupaza sauti na hatukuthubutu kumfanya aipaze. Alimkalisha Serafina dawati la mbele kabisa, akatuambia, "Huyu ni mwenzenu. Ni mwanafunzi mwenye mahitaji maalumu. Nikiandika ubaoni, aliye karibu naye amsomee."

Nilimkagua Serafina kuanzia kichwani. Alikuwa pekupeku. Daftari lake alilibeba kwenye mfuko wa sukari. Nikainua mkono.

"Mwalimu, mahitaji yake yako wapi?"

Darasa lilicheka. Mwalimu Adventina hakucheka. Alikuja mpaka kwenye dawati langu.

"Wewe unadhani mahitaji ni nini?"

"Ni vitu alivyo navyo mtu, Mwalimu. Vya dukani."

"Hapana," alisema polepole. "Ni kile asichokuwa nacho na anakihitaji ili asome kama wewe. Asiyeona vizuri, asiyetembea, asiyesikia. Umeelewa?"

Nilisema nimeelewa. Niliketi. Asiyesikia. Nakumbuka nilishika ukingo wa dawati, na juu yetu bati lilikuwa likilia kwa joto la saa sita mchana.

Ningependa kusema kwamba nilikimbia nyumbani siku hiyohiyo nikasema kila kitu. Sikufanya hivyo. Nilikaa na jambo lile siku tatu. Nilijua nikisema, sitaambiwa tena wabeja. Baba atatafuta msomaji mwingine, au hatatafuta kabisa, nami nitakuwa mtoto tu kama watoto wengine. Hesabu yangu ilikuwa hiyo, na niliiona nzito sana. Lakini kila asubuhi pale barabarani Kabula alichuchumaa na kijiti chake, akanirudishia daftari, akajigusa kifua na kuinua nyusi. Siku ya tatu mkono wangu ulikataa kufanya ishara ya bado. Uliishia hewani. Kabula akasubiri. Niligeuka nikaondoka bila kumjibu, na hilo nilikuwa sijawahi kumfanyia.

Jioni hiyo nilipanda kwenye kinu nikaichomoa ile barua paani. Ilikuwa imegeuka rangi kwa moshi. Nikaenda kusimama mbele ya Baba.

"Shule imeleta nyingine?" aliuliza.

"Ni ileile ya mwaka jana. Niliisoma vibaya."

Nikaisoma upya, sentensi kwa sentensi, na nilipofika kwenye yale maneno mawili nikayasema kama yalivyokuwa: mtoto asiyeona, asiyetembea, asiyesikia. Mama aliweka ungo chini. Baba alimtazama Kabula, aliyekuwa akifunga kamba ya ndama, akamtazama kama mtu anayehesabu miezi.

"Na zile balua nyingine?" aliuliza hatimaye. "Zote ulizisoma hivyo?"

"Si zote."

"Ipi nyingine?"

Nikamwambia habari ya usawa, neno nililokuja kulielewa baadaye. Nilimwambia kwamba kikao kilikuwa cha walewale waliobaki ndani, habari za wasichana na wavulana, na kwamba shule haikumwambia mtu yeyote aende na jembe. Nilingoja kofi. Midomo ya Baba ikaanza kutetemeka, nikadhani ni hasira, kisha akaangua kicheko ambacho sijawahi kukisikia tena maishani, akakishika kigoda kwa mikono miwili asianguke. "Na makoti yao!" alisema. "Kumbe ndiyo maana walinitazama vile!"

Kisha alifuta macho, na alipozungumza tena hakukuwa na kicheko. "Sikia. Ulichofanya kimemchelewesha dada yako mwaka mzima. Hilo ulijue. Kuanzia leo, neno usilolijua, useme hulijui. Mimi nina miguu, nitakwenda kumwuliza mwalimu. Lakini usinipe neno la kutunga."

"Ndiyo, Baba."

"Keshokutwa kuna kikao cha wazazi. Tunakwenda wote. Wewe utanisemea."

Kikao kilifanyika kwenye darasa la saba. Afisa elimu wa kata alikuwepo, mwanamume aliyevaa suti ya kijivu, amekaa mezani pamoja na mwalimu mkuu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye karatasi zake. Alizungumza muda mrefu. Alisema barua zimetumwa, matangazo yamebandikwa, wazazi hawajali. Zamu ya maswali ilipofika Baba akasimama, nami nikasimama kando yake nikiwa namfikia kiunoni.

Baba alisema kwa Kisukuma, nami nikayaweka maneno yake kwa Kiswahili: ana binti asiyesikia, ana miaka kumi na mitatu, anaomba aandikishwe.

"Wapimaji walipita mwaka jana," afisa alisema. "Mlikuwa wapi? Sasa ameshakuwa mkubwa, mzee. Darasa la kwanza hawezi kukaa. Akae amsaidie mama yake."

Nilitafsiri. Baba akauliza kama kuna njia nyingine. Afisa akajibu kwamba wilaya inasisitiza elimu jumuishi na taratibu zake ni lazima zifuatwe, akageuza karatasi kutafuta mzazi mwingine wa kuuliza.

Watu wote walinitazama nitafsiri. Kulikuwa na wazazi wapata mia, na wanafunzi wamejazana milangoni, na Domina, na wote waliokuwa wakinijua kama yule msichana anayesoma. Jumuishi. Nilikuwa na maana mbili tayari ulimini, na zote zingeweza kupita.

"Sijui neno hilo," nilisema.

"Neno gani?"

"Jumuishi. Sijui maana yake."

Mama mmoja wa Kisubi nyuma akasema, "Hata mimi silijui," na mzee mwingine akasema, "Tueleze, bwana afisa," na minong'ono ikaenea darasa zima. Mwalimu Adventina, aliyekuwa amesimama ukutani, aliinamisha kichwa ili tusione anatabasamu.

Afisa aliweka karatasi chini. Kwa mara ya kwanza alituangalia. "Jumuishi ni kwamba," alisema, akatafuta maneno, "ni kwamba shule ni ya watoto wote. Asiachwe mtoto yeyote nje."

Hilo nililijua neno kwa neno. Nilimwambia Baba. Baba hakunijibu mimi, alimjibu afisa mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha mnadani.

"Basi wa kwangu yuko nje. Yule pale."

Akanyoosha mkono dirishani. Kabula alikuwa amesimama nje, viwiko vimeegemea kizingiti cha dirisha lisilo na kioo, hasikii lolote. Hakuwa akitutazama sisi. Alikuwa akitazama ubao wa darasa la saba, na kidole chake kikitembea kwenye ukuta, kikinakili.

Sijui afisa aliona nini hasa. Najua alitoka nje, akasimama nyuma yake, akakifuata kile kidole kwa muda. Aliporudi alimwita Mwalimu Adventina wakaandika palepale barua ya kumwombea Kabula nafasi, na mwalimu mkuu akaipiga muhuri.

Mambo hayakwenda kwa siku moja. Baba alimpeleka Kabula hospitali ya wilaya mara tatu, na mara mbili kati ya hizo mpimaji hakuwepo. Lakini kitu kimoja kilibadilika wiki hiyohiyo. Mwalimu Adventina alianza kutukusanya kila Ijumaa kabla ya kutoka, sisi tuliobeba barua, na kumtaka kila mmoja aseme kwa maneno yake barua inataka nini. Na mwenyekiti wa kitongoji akawa anazisoma hadharani siku ya mnada, kwa Kisubi na Kisukuma. Nilidhani hapo kazi yangu imekwisha. Jioni ya kwanza Baba alikaa kigodani, akanyoosha mkono. "Nimeshaisikia mnadani," alisema. "Nataka kuisikia na kwako." Aliniambia wabeja mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Leo Kabula ana chumba chake cha ushonaji na mafundi wawili chini yake, na ana wanawe watatu wanaosikia vizuri mno na wasiotii. Tunaandikiana kwenye simu kila siku, na yeye ndiye anayenisahihisha tahajia. Mwaka ule mmoja niliompotezea alishawahi kunitania nao mara nyingi. Mimi sijautania bado.

Lakini nikimkumbuka, namkumbuka siku tulipompeleka. Nafasi ilipatikana kwenye shule yenye kitengo cha viziwi upande wa Ngara, na tulikwenda kwa basi, Baba, Kabula na mimi, tukipanda vilima ambavyo sikuwahi kuviona, migomba pande zote mbili. Mwalimu wa zamu alitupokea getini, akalichukua sanduku la bati. Ndani ya uwanja kulikuwa na wasichana kama ishirini wamesimama kwenye kivuli cha jengo, na wote mikono yao ilikuwa ikienda. Hakukuwa na kelele. Walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja, wakikatizana, wakibishana, wakichekana, na hakukuwa na kelele.

Kabula alisimama. Aliutazama uwanja ule, akanitazama mimi, akautazama tena. Msichana mmoja alimwona, akaja, akamfanyia ishara ambayo hatukuijua. Kabula naye akafanya mojawapo ya zile zetu hamsini. Yule msichana akacheka, akamshika kiganja, akamrekebisha vidole. Wengine wakaja. Baada ya muda mfupi tuliona mgongo wake tu katikati yao.

Tulingoja ageuke atuage. Basi la kurudi lilikuwa karibu kuondoka. Nyumbani, tulipotaka kumwita, tulirusha kijiwe kidogo kikaangukia karibu na miguu yake, naye aligeuka. Baba aliinama akaokota kijiwe. Alikishika, akapima umbali, mkono wake ukarudi nyuma kidogo.

Kisha akakidondosha chini.

"Mwache," alisema. "Anazungumza na watu."